Mrejesho: Wasifu wa marehemu baba, fundi seremala wa Gikomba

Mwezi uliopita niliuliza jinsi ya kuandika wasifu wa baba yangu, aliyefanya useremala katika soko la Gikomba, Nairobi, maisha yake yote bila cheti wala cheo, nikihofia kwamba ukurasa ungebaki mtupu. Wengi mlinishauri nianze na kazi ya mikono yake, nami nawashukuru kwa dhati, kwa sababu ndivyo nilivyofanya.

Jioni moja, nyumbani kwetu mtaa wa Umoja, niliipindua meza tunayolia chakula tangu utotoni, nikakuta kwamba hata upande wa chini, usioonekana na mtu, ameupiga randa na msasa hadi ukawa laini, na kwamba kila mguu umeshikwa kwa ulimi wa mbao uliozama ndani ya tundu lake, bila msumari hata mmoja. Niliyaandika hayo yote kama nilivyoyaona. Mama akaongeza kwamba, hata siku ambazo wateja hawakulipa, baba hakuingia nyumbani bila mkate, na kwamba yeye mama ndiye aliyekung'uta maranda kwenye mifuko ya ovaroli ya baba kila Jumamosi kabla ya kufua. Hapo sauti ilimkatika, tukanyamaza kwa muda mrefu.

Niliusoma wasifu huo kanisani siku ya mazishi. Mafundi wenzake walikuja wengi kuliko tulivyotarajia, na vijana watatu aliowafunza walisimama wenyewe bila kuitwa, wakaomba walibebe jeneza, ambalo walikuwa wamelitengeneza kwa patasi zake.