Tupeane uzoefu: shefu akisema, watu wa kazi wanasikia nini?

Jambo kwenu wote wa Lubumbashi, na wa Likasi na Kolwezi pia, karibuni.

Nasimamia zamu kwenye karakana ya magari makubwa upande wa Kampemba. Asubuhi kabla ya kushika spana tunasimama kidogo: nani ana gari gani, wapi pana hatari, nani hajalala. Shida yangu ni hii "ndiyo shefu". Mtu akipewa amri kwa Kifaransa mbele ya wenzake ataitikia hata kama ameshika nusu, maana kusema "sijaelewa" ni aibu. Basi niliacha kuuliza kama wameelewa. Namwambia mmoja anirudilie: "Yaya, tunaanza na nini?" Naanza na yule anayejua zaidi, ili mdogo asione ni mtihani. Mara nyingi hapo ndipo tunagundua kwamba kila mtu alikuwa na kazi yake kichwani.

Kwenu inakuwaje? Leteni visa. Majina ya makampuni yaacheni nyumbani.

Mwana Katuba:
Mimi nilitoka chuo kikuu, kule Kasapa, na diploma mpya, nikapewa kikundi cha mapapa, wazee wa kazi. Mmoja ana umri wa baba yangu. Kabla yangu kulikuwa na kijana mwingine, alikuwa anawaita kwa jina tupu, mikono mfukoni. Hakuna aliyegoma. Walifanya kile alichosema, basi, hata pale walipoona amekosea. Siku moja pampu ilifungwa kinyume na wote wakaiangalia. Walipoulizwa: "Shefu ndiye alisema." Huo utii ni mbaya kuliko mgomo, kwa sababu huwezi kumshtaki mtu kwa kukutii.

Mimi namfuata papa pembeni siku moja kabla: "Papa, kesho tunafungua ile bomba ya maji, wewe ungeanza wapi?" Asubuhi amri inatoka kwangu, lakini ndani yake kuna neno lake, na yeye anajua. Wengine huku watasema ni kujishusha. Waseme.

Ila kuna mahali siombi shauri. Papa huyo aliwahi kukataa mkanda wa usalama mbele ya vijana, eti amepanda juu tangu enzi za Mobutu. Nikamwambia: "Papa, heshima yako iko palepale, lakini bila mkanda hakuna kupanda." Akakaa chini, akavuta sigara mpaka ikaisha. Halafu akaufunga. Sikuongeza neno, na jioni tulisalimiana kama kawaida.

Mama wa Ruashi:
Ofisini kwetu shefu anakaripia kwenye grupu ya WhatsApp, tena kwa ujumbe wa sauti, usiku watu wamelala. Dada mmoja wa kaunta alitukanwa hivyo kwa hesabu ambayo haikuwa yake. Kesho yake ilionekana kosa ni la mwingine, na shefu akaomba radhi... faraghani! Matusi mbele ya watu, radhi mlangoni.

Mjue pia: kwa Sheria ya Kazi ya Kongo ya 2002, ukiachishwa kazi lazima upewe barua yenye sababu. Sauti ya WhatsApp si barua. Mtafuteni delege wenu wa sendika, yule anayewasemea kwenye chama cha wafanyakazi.

Mtoto wa Mumbunda:
Wadogo zangu, baba alikuwa kapita, msimamizi mweusi wa watu wa kazi, kwenye Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji. Kapita aliteremsha amri ya mzungu. Maneno ya watu kupanda juu, hapana. Desemba 1941, mji ukiwa bado Élisabethville, wafanyakazi waligoma wakidai mshahara, maana vita vilikuwa vimepandisha bei ya kila kitu. Walikusanyika uwanja wa mpira, Léonard Mpoyi akawasemea. Jibu lilikuwa risasi, na Mpoyi alikufa palepale. Kampuni ikawa Gécamines, ya serikali, wazungu wakaondoka, lakini kuna mashefu weusi hapa mjini wanaongoza kikapita mpaka leo. Mimi nimefanya kazi chini yao, najua ninachosema.

Wa Kamalondo:
Papa, asante. Ila nirudi kwa mwenye mada: hiyo ya kurudilia tuliijaribu kwetu ghalani. Mwanzo ilisaidia, baadaye ikawa wimbo. Watu wanakariri, shefu anafurahi, mzigo wa Kasumbalesa, mpakani na Zambia, unapakiwa kwenye lori lisilo lake.

Mwenye mada:
Wa Kamalondo, kweli, hata kwangu wimbo ulianza. Sasa sirudii swali lilelile. Nauliza kitu ambacho sikukisema: "Jeki ikianza kuvuja mafuta gari likiwa juu, wewe unafanya nini, na nani anakaa mbali?" Hapo hakuna cha kukariri. Mtu akinyamaza, namwonyesha kazi kwanza, gari linasubiri. Kwenu ghalani ningeuliza: lori lenye namba hii likichelewa, mzigo wake mnauweka wapi? Jaribu, halafu utuambie.