Mafundi wa Dar, pimeni umeme kwanza kabla ya kututuma Kariakoo kununua spea

Wakuu, heshima kwenu. Nafungua uzi huu nikiwa na hasira na sitaificha. Nina pikipiki ya magurudumu manne ninayoitumia shambani Kigamboni. Ilianza kuzimika ghafla, hasa ninapokata kona, na baada ya hapo stata inazunguka kwa nguvu lakini injini haishiki. Niliipeleka kwa fundi anayesifiwa sana hapa mjini, ambaye kabla hata hajafungua kiti alikuwa ameshanitajia vitu vya kununua: CDI (kisanduku kinachoamuru cheche ya kuwashia petroli), koili (inayoikuza nguvu ya umeme wa cheche hiyo), plagi (inayoitoa cheche ndani ya injini) na betri.

Nilinunua vyote, tatizo likabaki lilelile, naye bila haya akasema sasa tubadilishe magneti, yaani kifaa kinachozungushwa na injini kuzalisha umeme. Muda wote huo hakushika mita ya kupimia umeme hata mara moja. Kama stata inazunguka vizuri, betri ilihukumiwa kwa kosa gani? Betri ya volti 12 iliyojaa, ikiwa imetulia, husoma karibu volti 12.6 au zaidi kidogo. Injini ikiunguruma, kipimo hupanda hadi kati ya volti 13.5 na 14.5, na kisipopanda ndipo mtu ana sababu ya kuishuku magneti au regyuleta, inayodhibiti umeme wa kuchaji betri.

Ukweli ulijulikana kwa kijana mwingine, fundi umeme, aliyeanza kwa kuuliza mashine inazimika wakati gani. Katika mashine nyingi za aina hii, ambazo CDI hupata umeme wake moja kwa moja kutoka kwenye magneti, swichi ya kuzimia haikati umeme, bali huunganisha waya mmoja na fremu, na hapo cheche hufa. Waya huo ukichubuka na kugusa chuma, injini huzimika kana kwamba umebonyeza swichi, na hakuna CDI mpya itakayoiponya. Kijana aliuchomoa waya huo kwenye soketi ya CDI, akaiegemeza plagi kwenye chuma cha injini na kupiga stata: cheche ikaruka, ya bluu na yenye nguvu. Akaurudisha, akageuza usukani huku na huku, cheche ikawa inapotea na kurudi. Ganda la waya lilikuwa limelika shingoni mwa usukani, mahali unaposuguana na fremu. Kwa kipande cha waya na mpira wa kuufunika, kazi ikaisha.

Lakini kuna jambo baya zaidi, ambalo siwezi kulisamehe. Chini ya kiti tulikuta fyuzi imeondolewa na mahali pake pamewekwa waya mtupu. Fyuzi huungua ili nyaya zisiungue. Ukiitoa, hitilafu ndogo inaweza kuwasha moto jirani kabisa na tanki la petroli, na mwenye chombo amekalia hapo hapo juu.

Duka limekataa kurudisha vifaa vya umeme vilivyokwisha kufungwa, kwa hiyo fedha hizo namdai fundi aliyenituma kuvinunua, na nitaendelea kumdai. Kuanzia sasa, atakayeigusa mashine yangu ataniandikia vipimo kabla sijatoa hela ya spea, na spea ya zamani nitakabidhiwa mkononi. Mwenye kumfahamu fundi anayefanya kazi hivyo, upande wa Kigamboni, Temeke au Mbagala, naomba aniambie anapatikana eneo gani.