Nimepewa uratibu wa masta ya uhandisi wa umeme, nianzie wapi?

mwalimu_fezi3

Habari zenu ndugu. Nafundisha uhandisi wa umeme kwenye chuo kimoja cha serikali hapa Uganda, jina naliacha maana wakubwa wangu nao wanasoma humu. Juzi mkuu wa idara kaniita ofisini, nikadhani ni habari ya mitihani, kumbe barua ishaandikwa, mimi ndo mratibu mpya wa programu za uzamili, masta upande wa pawa na upande wa mawasiliano, pamoja na ile PhD ambayo kusema kweli ipo kwenye karatasi kuliko darasani. Aliyekuwepo ameenda zake Ulaya, na makabidhiano yalikuwa flashi moja na funguo za kabati.

Sasa nimefungua hilo kabati, banange. Kuna watu walimaliza kozi zote za darasani zamani na baada ya hapo hakuna karatasi yao hata moja, hujui waliacha, walihamia Juba kikazi au wanaandika kimyakimya. Wengine proposali zao zimekaa bila saini. Karibu wote wana kazi, huyu kampuni ya umeme, yule kampuni ya simu, wanakuja jioni wameshapigwa na jam ya Kampala au wanakuja Jumamosi na usingizi machoni. Walimu wenye PhD wa kusimamia ni wachache, na haohao ndo wanafundisha digrii ya kwanza yenye watoto kibao, na ndo haohao kila konsaltansi inawatafuta.

Halafu kila mtu ananivuta kwake. Mkuu wa idara anataka wanafunzi wapya wengi kwa sababu ya ada. Mkuu wa shule ya uhandisi hapa chuoni anasema mtaala uende NCHE, lile baraza la elimu ya juu, ukakaguliwe upya kabla muda haujaisha. Wenzangu vijana wanataka tuongeze sola, betri na magari ya umeme, wanasema mabasi ya umeme ya Kayoola yanatembea barabarani sisi bado tumekazana na mashine za DC. Na mzigo wangu wa kufundisha uko palepale, hawakupunguza hata saa moja.

Ukipewa programu hivi unaanza na nini? Mtaala, wanafunzi waliokwama, au pesa? Naomba majibu ya watu waliowahi kuifanya hii kazi au walioumia nayo kama wanafunzi, siyo yale ya mtangulize Mungu, huko nishaenda.

mzee_wa_transfoma

Mwalimu, pole na hongera, kwa mpangilio huo. Nimekikalia kiti hicho miaka mingi kabla ya kustaafu, kwa hiyo nikwambie tu.

Mtaala uache kwanza. Mtaala una kamati, una tarehe, una watu watakaokukumbusha hata usiku wa manane. Mwanafunzi aliyekwama hana wa kukukumbusha maana yeye mwenyewe anakukwepa, akikuona soko la Nakasero anapita upande wa nyanya.

Chukua Excel, andika kila jina, mwaka alioingia, mada, msimamizi, na lini hao wawili walionana mara ya mwisho. Hiyo safu ya mwisho ndo itakutisha. Halafu piga simu, usitume imeili, imeili wanaisoma wakiwa juu ya nguzo wanaisahau. Utakuta kuna ambao hata proposali hawajaandika, kuna wenye data ila hawajaandika chochote, na kuna walioandika wakawasilisha wanamngoja mtahini. Anza na hao wa mwisho, hata kama moyo unakuvuta kwa wale wa kwanza kwa sababu ndo wengi. Tasnifu ikikaa kwa mtahini miezi na miezi mara nyingi siyo kwamba ni mbovu, ni kwamba mtahini hajalipwa hela ya ile ya mwaka juzi, au ilitumwa kwenye imeili aliyoacha kuitumia, au hakuna mtu aliyewahi kumuuliza. Hapo kazi yako ni simu na miguu, unaenda kwa mhasibu unasimama mlangoni na vocha yako mpaka aone aibu. Ukiwatoa hao wakavaa joho, wale waliojificha wanasikia, na seneti nayo inaanza kukusikiliza ukiomba kitu.

Halafu kuna jambo hawakuliandika kwenye barua yako: mratibu hana rungu. Msimamizi mzembe huwezi kumfanya kitu, ni mwenzako, pengine ndo alikufundisha saketi mwaka wa kwanza. Ulicho nacho ni ajenda ya kikao. Hilo jedwali liweke kwenye projekta kila bodi ya idara ikikaa, majina ya wasimamizi yaonekane vizuri, na wewe usiseme neno. Mtu mzima hapendi kuona mstari wake una rangi nyekundu mbele ya vijana wake.

Na yule karani wa ofisi ya uzamili mjue kwa jina, uwaulizie na watoto wake. Faili liko wapi anajua yeye, siyo mkurugenzi.

binti_wa_132kV

Mzee heshima yako, mimi ni mmoja wa wanaopita upande wa nyanya 😂

Nina mtoto, nafanya shifti kwenye sabstesheni, kozi nilizimaliza vizuri kabisa nikakwama kwenye mada. Msimamizi alinipa niweke jenereta ndogondogo kwenye ile fida (laini ya kusambaza umeme) ya majaribio ya basi 33, yaani nodi 33, ambayo kila mtu duniani anaitumia tangu Baran na Wu waitoe mwaka 1989. Volti yake ni kV 12.66. Sisi hapa tuna 11 na 33, hiyo 12.66 sijawahi kuigusa maisha yangu yote, sasa nikimaliza nimwambie nini bosi wangu? Ndo maana nikitoka shifti naiangalia kompyuta nalala.

Wakati kazini maswali yamejaa. Chukua bwawa la umeme la Karuma, lilizinduliwa rasmi Septemba 2024, mashine sita za megawati 100 kila moja, umeme unaletwa Kawanda kwa laini ya kV 400 yenye urefu wa kilomita kama 248. Laini ndefu namna hiyo, usiku watu wamelala mzigo uko chini, volti ya kule inakofika inapanda kupita ya kule inakotoka, darasani waliiita Ferranti ukaifanya kwa kalamu kwenye mtihani ukaisahau, sasa hesabu yake iko hapahapa Uganda, riakta za kuituliza ziwe na ukubwa gani, ziingizwe saa ngapi zitolewe saa ngapi, hiyo siyo masta hiyo? Au sola za Soroti na Tororo, megawati 10 kila moja, wingu likipita volti ya majirani inafanya nini?

Au radi. Mwaka 2011 radi iliua watoto 18 wa shule ya msingi Runyanya kule Kiryandongo, siku moja, wakiwa shuleni. Leo ukizunguka vijijini shule ngapi utakuta zina kinga ya radi ambayo fundi alipima udongo kwanza kabla ya kufukia waya? Mtu akinipa hiyo mada naandika hata bila kulala.

Kinachotukwamisha ni data. Mwanafunzi akienda peke yake na barua ya kwa yeyote anayehusika anazungushwa wee mpaka anachoka, na hata sisi tulio ndani huwezi kubeba rekodi za mitambo bila idhini. Idara yenyewe ndo iandikiane makubaliano na kampuni za serikali, UETCL kwa upande wa laini kubwa, na UEDCL kwa usambazaji maana tangu kampuni binafsi ya Umeme imalize mkataba wake Machi 2025 mlango ni huo. Makubaliano ya idara nzima, siyo kila mwanafunzi na barua yake mkononi. Na muweke injinia wa kampuni awe msimamizi wa pili, huyo tunaonana naye kila siku, kumkwepa siwezi.

kijana_wa_inveta

Mnazunguka tu. Futeni tasnifu. Watu wanataka masta wapande cheo, wapeni Plan B, mradi mfupi, ripoti, mtu amalize aende zake. ERB, bodi ya kusajili mainjinia, haikuulizi masta ili ikusajili injinia, inataka digrii ya kwanza na uzoefu, kwa hiyo hii masta ni ya CV tuache unafiki. Mimi nafunga sola Mukono mpaka Kayunga, kilichonilisha ni kozi fupi ya betri za lithiamu siyo hesabu za mashine.

mzee_wa_transfoma

Kijana hujakosea yote. Plan B iwepo, ila mtu aambiwe siku anayoingia, siyo siku anayomaliza, kwamba akija kutaka PhD wengi watamuuliza utafiti alifanya wapi, na hapo atajibu nini. Nimewaona waliochukua njia fupi wakarudi mlangoni kwangu wanalia. Na usidhani mradi utamaliza shida ya mwalimu, msimamizi asiyesoma kurasa 80 hata 30 hasomi.

relei_na_breka

Mimi ni mtu wa Mwanza ila nafundisha huku magharibi ya Uganda. Mzee kasema mtaala usubiri, hapo naomba nibishe kidogo kwa heshima.

Mnakumbuka 2023 ilivyokuwa, ilipojulikana kwamba kwenye tovuti ya NCHE kuna programu kibao zimeandikwa muda wake umeisha, tena za vyuo vikubwa, wahitimu wakaanza kuuliza vyeti vyetu je, wazazi wakapiga simu redioni, mpaka NCHE ikabidi itoke ieleze kwamba vyeti ni halali na kilichopita ni muda wa kukagua programu upya. Mratibu usiombe hiyo ikukute na wewe ndo uko kwenye kiti. Kwa hiyo tarehe ya programu yako iangalie leo. Ikiwa bado mbali, fuata ushauri wa mzee mia kwa mia. Ikiwa imekaribia, tafuta mwenzako ashike mtaala wewe ushike wanafunzi, usijaribu vyote viwili.

Na kinachochelewesha huwa siyo kuandika kozi. Kozi mtu anaandika wikiendi moja. Ni ule ushahidi kwamba mliwauliza wadau, mihtasari, karatasi za mahudhurio, CV za walimu, bajeti, barua za waajiri. Vile vinakusanywa kidogokidogo, kwa hiyo ukienda kwa hao UETCL na UEDCL kwa habari ya data, kikao hichohicho waulize wanataka mhitimu wa namna gani, waandikishe majina, tayari una ushahidi wa wadau.

Kwenye hizo kozi mpya, usiweke kozi ya magari ya umeme kama huna wa kuifundisha. Nimeona programu tamu sana kwenye karatasi, ukiingia ndani mwalimu mmoja kabeba kozi nne na zote anazifundisha kwa slaidi za mtu mwingine. Imarisha pawa elektroniki uliyonayo. Inveta ya sola, chaja ya basi, draivu ya mota, ndani ni swichi zilezile za IGBT na MOSFET, hesabu zilezile za joto na harmoniki. Gari la umeme la Kiira EV la Makerere la mwaka 2011 halikungoja idara iwe na kozi inayoitwa magari ya umeme. Akielewa hivyo vitatu, jina la kozi litamsumbua nini.

Programu za kompyuta nazo, idara nyingi zinalia leseni. ETAP na PowerFactory bei yake inauma na ikiisha katikati ya tasnifu mwanafunzi anabaki na faili ambalo halifunguki. OpenDSS ya EPRI ni ya bure, pandapower inaendeshwa na Python nayo bure, fida ya kweli ya kV 11 unaijenga humo na mwenzio mwakani anaendelea pale ulipoachia. Na kabla ya tasnifu waandike karatasi fupi ya kongamano, kurasa sita tu, maana aliyeshaandika sita kurasa themanini hazimtishi. Kongamano la PowerAfrica la IEEE, chama cha wahandisi wa umeme, la 2022 lilikuwa Kigali, huko unafika kwa basi.

mwalimu_fezi3

Asanteni sana, nimesoma yote na nikafanya. Safu ya mwisho kweli imenitisha, kuna msimamizi na mwanafunzi wake hawajaonana tangu kabla ya korona na wote wako Kampala. Lakini mzee ulichosema cha watahini nimekikuta hivyohivyo, kuna ripoti ambayo mtahini alishaiandika kitambo, ameikalia anangoja hela yake ya tasnifu iliyopita. Mhasibu sasa ananijua kwa jina, sidhani kama kwa mapenzi.

Tarehe ya NCHE nimeangalia, muda upo ila siyo wa kuchezea, nimemwomba mwenzangu wa mawasiliano ashike mtaala kakubali kwa sharti kwamba mihtasari nitaandika mimi. Barua ya makubaliano ya data nayo iko kwa mwanasheria wa chuo, huko ndo sijui itatoka lini.

Kimebaki kimoja. Mkuu wa idara anataka darasa la Agosti liwe kubwa kuliko la mwaka jana, na nikitazama hili jedwali naona tunaenda kuongeza watu kwenye foleni ileile. Namwambiaje bila kugombana?

mzee_wa_transfoma

Usimwambie hapana, mpe hesabu. Andika wasimamizi wenye PhD, kila mmoja tayari ana wanafunzi wangapi, kanuni za chuo chenu zinamruhusu wangapi, toa. Kinachobaki ndo darasa la Agosti. Ipitishe kwenye bodi iingie kwenye muhtasari. Akitaka kuongeza, aandike hapohapo jina la atakayewasimamia hao wa ziada, na utaona wenzako watakavyokuwa wa kwanza kumpinga, wewe umekaa kimya unakunywa chai. Na akileta hoja ya ada, mwonyeshe waliokwama walilipa nini mwaka jana. Wengi hakuna, maana mtu hawezi kuendelea kulipia kitu ambacho hakisogei.

kijana_wa_inveta

Na Plan B?

mwalimu_fezi3

Naipeleka bodi pamoja na hiyo hesabu. Ila mradi wake uwe wa kitu kinachofanya kazi, siyo ripoti ya kunakili, na wewe nitakualika uje uwaulize maswali siku ya kuwasilisha, tuone kama hiyo njia fupi utaipenda.

binti_wa_132kV

Mwalimu, kwenu mnapokea mtu wa kuhama na kozi zake? Hiyo ya radi siitanii.

mwalimu_fezi3

Nitumie transkripti inbox niione na watu wa usajili kabla sijakuahidi kitu. Na uandike kurasa mbili za hiyo radi, shule gani, udongo gani, utapima nini. Mita ya kupimia ukinzani wa ardhi maabara tunayo na inafanya kazi, ila betri zake njoo nazo.