Wakuu nishaurini: Mariners watoe mrushaji ili Ketel Marte arudi Seattle?

Baba Neema (Kent, Washington), Novemba 2025

Wakuu, heshima kwenu.

Nina kijana wa miaka 16 na sote wawili ni mashabiki wa Seattle Mariners. Tangu msimu uishe, kila tukikaa kula tunabishania jambo moja tu. Yeye anataka uongozi utoe mmoja wa warushaji wetu watano wa kuanza mechi (wale wanaomrushia mpigaji mpira), uongeze na chipukizi Colt Emerson, tumchukue Ketel Marte kutoka Arizona Diamondbacks. Mimi nasema Emerson haondoki. Mama yao amechoka kutusikiliza, kasema tutafute watu wa kutuamua, ndiyo maana niko hapa.

Kwa wasiofuatilia besiboli: mwaka huu wa 2025 tumechukua ubingwa wa kundi letu la magharibi kwa mara ya kwanza tangu 2001. Mdakaji wetu (anayedaka mipira ya mrushaji) Cal Raleigh kapiga homurani 60, yaani mipira inayovuka uzio, na hakuna mdakaji aliyewahi kufikisha idadi hiyo. Tukaenda mpaka mechi ya 7 ya fainali ya American League kule Toronto, tukawa tunaongoza 3-1, tukafungwa 4-3. Timu ilianza 1977, na katika timu zote 30 ni sisi pekee ambao hatujawahi kucheza World Series, fainali kuu kati ya bingwa wa American League na wa National League. Nikiikumbuka mechi ile bado moyo unauma.

Josh Naylor ameshasaini miaka mitano kwa dola milioni 92.5, hapo sina neno. Ila Jorge Polanco na Eugenio Suárez mikataba imekwisha na wako sokoni. Beisi ya pili na ya tatu tumebaki na vijana, Cole Young na Ben Williamson. Warushaji wetu ni Logan Gilbert, George Kirby, Bryan Woo, Luis Castillo na Bryce Miller.

Naomba ushauri: tukilazimika kutoa mrushaji, nani aende? Na Marte mwenye miaka 32 tumbadilishe na Emerson mwenye miaka 20, kweli?

Mzee wa Tacoma

Baba Neema, karibu. Mimi niko huku tangu enzi za nyota wetu wa miaka ya 1990, Ken Griffey Jr., kwa hiyo niruhusu nikupe historia kabla ya ushauri.

Julai 1997 tulikuwa na timu ya kutisha ila wamaliziaji mechi hatuna. Uongozi ukaingiwa na hofu, ukamchukua Heathcliff Slocumb kutoka Boston, ukatoa vijana wawili: Derek Lowe na Jason Varitek. Hao wawili walibeba kombe la 2004 wakiwa na Boston, na Lowe ndiye aliyeshinda mechi ya kumalizia kila hatua ya mtoano mwaka ule. Slocumb hakutusaidia lolote la maana.

Februari 2008 tena. Tukamtaka mrushaji Erik Bedard wa Baltimore, tukatoa wachezaji watano, wakiwemo Adam Jones na Chris Tillman. Jones akaja kuwa nguzo ya Baltimore kwa miaka kumi. Bedard aliandamwa na majeraha mpaka akaondoka.

Na huyo Marte wenu ni zao la hapa hapa. Alianza ligi kuu na sisi 2015. Novemba 2016 tukampeleka Arizona pamoja na Taijuan Walker, tukapata Jean Segura na Mitch Haniger. Haniger alitufaa sana, sikatai. Lakini leo tunataka kumnunua akiwa na miaka 32 mtu tuliyemtoa akiwa na miaka 23, na tumlipie kwa kijana mwingine wa nafasi ile ile aliyokuwa akicheza yeye. Mimi siwezi kuunga mkono.

J.P. Crawford, mlinzi wetu wa kati ya beisi ya pili na ya tatu, mkataba wake unaisha baada ya msimu wa 2026. Emerson ndiye mrithi wake, tayari ameshagusa timu ya Tacoma, ngazi moja tu chini ya ligi kuu. Ukimtoa leo, mwakani utakuwa sokoni unatafuta mtu wa kuziba hapo.

Kigogo wa Mzizima (Dar es Salaam)

Nawasoma kwa makini wakuu, ila kuna kitu sijakielewa. Hapa kwetu Simba au Yanga wakimtaka mchezaji wanazungumza na klabu yake, wanalipa, na mchezaji mwenyewe lazima akubali. Ninyi mnasema "mtoe fulani mumpate fulani". Huyo fulani akigoma?

Dada Rehema

@Kigogo wa Mzizima, wengi wao hawana uwezo wa kugoma. Mchezaji akiingia ligi kuu, timu inammiliki mpaka atimize miaka sita ya utumishi. Miaka mitatu ya kwanza hulipwa karibu na kima cha chini, halafu miaka mitatu inayofuata, wakishindwa kuelewana mshahara, wasuluhishi wanaamua. Baada ya hapo ndipo anakuwa huru kwenda anakotaka. Kabla ya hapo anaweza kupigiwa simu usiku akaambiwa kesho uko mji mwingine, na familia ihame. Kwangu mimi jambo hili si dogo, tusiwajadili kama mizigo.

Anayeweza kukataa ni mwenye kipengele hicho kwenye mkataba, au aliyetimiza miaka kumi ya ligi kuu na mitano ya mwisho akiwa na timu moja. Na hapa ndipo suala la Marte lilipo, Baba Neema. Mwanzoni mwa msimu ujao anatimiza kigezo hicho. Arizona wakichelewa, hawataweza kumpeleka popote bila ridhaa yake. Kwa hiyo wao ndio wenye haraka kuliko sisi. Msikubali bei ya kwanza.

Toronto Yetu

Poleni majirani. Mimi ni wa Blue Jays, na nilikuwa uwanjani usiku ule wa mechi ya 7. Nitasema nilichokiona, hata kama mnabishana kuhusu mambo ya kesho.

Awamu ya 7 kati ya 9 mlikuwa mbele 3-1 na Bryan Woo ndiye anarusha, mtu aliyekuwa ametoka kuumia kifua mwezi Septemba. Addison Barger akapewa beisi ya bure. Isiah Kiner-Falefa akapiga, akafika. Andrés Giménez akaugusa mpira kwa ulaini akajitoa mhanga, wenzake wakasogea beisi ya pili na ya tatu. Hapo kocha wenu Dan Wilson akamleta Eduard Bazardo, George Springer wetu akaupeleka nje ya uzio. Pointi tatu kwa mpigo.

Angalieni watatu wa kwanza. Hakuna aliyepiga mpira wa mbali. Timu yetu mwaka huu ndiyo iliyokosa mipira mara chache kuliko zote ligi nzima. Ninyi mna wapigaji wa nguvu lakini wengi wanapiga hewa, na hata ile mechi iliisha nyota wenu Julio Rodríguez akikosa. Suárez huyo mnayemlilia kapiga homurani 49 mwaka mzima, ila akiwa kwenu wastani wake ulikuwa .189, yaani hata mara mbili katika kumi hakufikisha pigo la kumpa beisi. Sisemi hana maana, maana mechi ya 5 alitufunga kwa homurani ya mitano minne na uwanja wenu ukalipuka. Nasema mnahitaji mtu anayegusa mpira. Marte anagusa, na anapiga kwa mikono yote miwili. Kijana wako anaona mbali.

Baba Neema

@Toronto Yetu asante kwa uungwana, ingawa kidonda umekitonesha. Nadhani ulitaka kusema homurani ya pointi nne, na ndiyo, nilikuwa uwanjani siku ile. Watu nisiowajua walinikumbatia.

Kijana amesoma jibu lako kwa sauti, leo ana nguvu mpya.

Toronto Yetu

Pointi nne, sawa kabisa, vidole vimeteleza.

Mwana wa Bukavu (Portland)

Mimi niko upande wa kijana, na sababu yangu ni kalenda.

Mpigaji wetu Randy Arozarena anakuwa huru baada ya 2026. Gilbert baada ya 2027. Kirby baada ya 2028. Castillo mkataba wake unafika 2027. Raleigh na Julio wako kwenye umri wao bora sasa hivi. Ndugu yangu Mzee wa Tacoma anasema Emerson ni wa kesho, nami nakubali kabisa. Lakini siku Emerson akishakomaa, nani atakuwa amebaki kumrushia mipira? Timu iliyobakiza awamu tatu kufika World Series haijengi tena, inamalizia.

Na mifano ya 1997 na 2008 haifanani na hii. Slocumb alikuwa mmaliziaji wa mechi mwenye msimu mbaya. Bedard alikuwa mrushaji, na mrushaji anaweza kuvunjika mkono kesho asubuhi. Marte ni mpigaji, mwaka 2023 alikuwa mchezaji bora wa fainali ya National League, na mkataba wake wa dola milioni 116.5 unamfunga kwa miaka mingi kwa bei ambayo sokoni huipati kwa mtu wa kiwango chake. Mbona mwaka huu tulitoa vijana tukawapata Naylor na Suárez, na hakuna anayelia?

Mzee wa Tacoma

Hakuna anayelia kwa sababu hatukutoa Emerson. Kwa Naylor walitoka warushaji wawili wachanga, Brandyn Garcia na Ashton Izzi. Kwa Suárez waliondoka Tyler Locklear na vijana wawili wa kurusha. Akiba ya juu kabisa haikuguswa. Mkuu wetu wa usajili, Jerry Dipoto, alijua mstari uko wapi, na ndiyo sababu leo bado tuna cha kubishania.

Kuhusu kalenda umenigusa, nitalifikiria.

Dada Rehema

Wakuu, turudi kwenye swali la Baba Neema la nani aende, maana hapo ndipo mnateleza wote. Kijana anasema "mrushaji mmoja". Yupi?

Watu wengi watasema Castillo. Mwezi ujao anafika miaka 33 na mshahara wake ni kama dola milioni 24 kwa mwaka. Kwetu kumtoa kungefungua pesa. Lakini jiwekeni upande wa Arizona. Corbin Burnes kafanyiwa upasuaji wa kiwiko mwezi Juni. Merrill Kelly walimpeleka Texas mwezi Julai. Zac Gallen mkataba umekwisha. Hao hawana warushaji, na wanataka kupunguza matumizi. Watamwacha Marte wachukue mtu mwenye miaka 33 na mshahara mkubwa kuliko wake? Hawatafanya hivyo. Watamtaka Woo, au Kirby, au angalau Miller, kwa kuwa ni vijana na bado ni rahisi.

Woo na Kirby mimi sitoi, hata kwa Marte. Miller ningemsikiliza mtu, ila mwaka huu kiwiko chake kimemsumbua kwa vinundu vya mfupa na kawekwa kwenye orodha ya majeruhi, kwa hiyo ukimuuza sasa unamuuza bei ikiwa chini. Na kumbukeni mwaka huu Gilbert aliumia, Kirby aliumia, Miller aliumia, Woo aliumia mwishoni. Aliyekuwepo mwaka mzima ni Castillo huyo huyo mnayetaka kumpakia. Ile "ziada ya warushaji" inayosemwa kila siku huwa haipo ikifika Juni.

Njia yangu ni pesa. Polanco ni mchezaji huru, hahitaji umtoe mtu. Kapiga homurani 26, anapiga pande zote mbili kama Marte, na yeye ndiye aliyetuvusha dhidi ya Detroit kwenye mtoano, usiku ule mechi ilipofika awamu 15. Alishapiga vizuri katika uwanja wetu, ambao hewa yake ya baharini inaua mipira na wapigaji wengi wa nje wanauogopa. Mlipeni, mwacheni Young apigane na Williamson nafasi iliyobaki, halafu Emerson apande akiwa tayari.

Mwana wa Bukavu (Portland)

Polanco magoti yake unayakumbuka? Kafanyiwa upasuaji wa goti baada ya msimu wa 2024, na mwaka huu muda mwingi alipiga tu bila kulinda beisi. Ukimlipa miaka mingi, unalipia mpigaji, na beisi ya pili inabaki wazi vile vile.

Dada Rehema

Nayakumbuka. Ndiyo maana ningempa miwili, siyo minne. Akipata zaidi kwingine, aende kwa heri, na hapo nitakubali tuzungumze na Arizona.

Baba Neema

Wakuu, nimekaa na kijana tumesoma yote kuanzia juu. Amekubali kwamba Woo na Kirby hawaguswi. Nami nimekubali hoja ya kalenda, ilinikamata vizuri, hasa Gilbert kuondoka baada ya 2027. Tumekubaliana pia kuwa Polanco aanze kuulizwa kwanza, kwa miaka miwili.

Emerson bado hatujaafikiana. Yeye anasema Polanco akisaini kwingine, Emerson aende. Mimi nasema hata hapo tumpe Arizona Miller na vijana wawili wa chini, na wao, kwa kuwa muda unawabana, watachukua. @Mwana wa Bukavu, wewe ungekuwa Arizona, ungechukua?

Mwana wa Bukavu (Portland)

Kwa Miller mwenye kiwiko kile? Leo nisingechukua. Nirudie swali hilo mwezi Machi, Marte akiwa amebakiza wiki chache kupata haki yake ya kukataa.