Nesi mpya aanzie nyumba ya wazee, au asubiri hospitali?

Mleta mada: Wadau, tulijadili hili bila matusi. Niko Marekani mwaka wa sita. Nilikuwa CNA, yaani msaidizi wa nesi, nikasoma, nimefaulu mtihani wa leseni (NCLEX), leseni ya RN, nesi kamili, ninayo. Hospitali zote zinaniambia nilete kwanza uzoefu wa mwaka mmoja. Nyumba ya wazee ya hapa jirani imenipigia siku ileile niliyotuma maombi, wanataka nianze Jumatatu. Wenzangu wanasema ukianzia kwa wazee unasahau ulichosomea na hutoki tena. Naona huo ni woga tu. Nipingeni.

Zamu ya Usiku: Nakupinga, ila si kwa sababu hizo. Kusahau, hausahau. Mzee wa miaka 88 hakwambii anaumwa. Jana alikuwa anakutania, leo anamwita mkewe aliyefariki na kuvua nguo ukumbini. Homa hana. Huenda ni maambukizi, huenda hajapata choo siku tano, huenda ni dawa mpya aliyoanzishiwa juzi. Hakuna mashine ya kukuonyesha, ni jicho lako na jinsi unavyomjua.

Shida ni kuwa peke yako. Mimi wiki yangu ya pili nilipewa wazee 34, CNA watatu, na nesi ni mimi tu. Saa tatu usiku nasukuma troli ya dawa, nasaga vidonge nichanganye na tofaa lililopondwa kwa bibi asiyeweza kumeza, mara naitwa chumba cha mwisho, mtu kaanguka. Daktari yuko kwenye simu, hapokei. Hospitalini ungeita tu wakaja watano.

Na usitegemee sheria. Kwa kawaida inadai RN awepo saa 8 mfululizo kwa siku. Muda uliobaki LPN, nesi wa ngazi ya chini ya RN, anatosha. Mwaka 2024 serikali ilipitisha kanuni ya RN saa zote 24, na saa 3.48 za uangalizi kwa kila mkazi kwa siku. Wenye nyumba za wazee wakaenda mahakamani, na Aprili 2025 jaji wa Texas akaifuta.

Mama Wawili: Haya, na kodi italipwa na nani wakati anasubiri hospitali? Mimi nilianzia hukohuko. Nyumbani walinicheka: “Umesoma miaka yote hiyo ukawaogeshe wazungu?” Niliwajibu kwa kuwatumia karo. Baada ya miaka minne niliingia kitengo cha kusafisha damu ya wagonjwa wa figo, na waliponisaili hakuna aliyeniuliza kwa nini nilikuwa kwa wazee. Waliniuliza kuhusu vidonda vya kulalia, na hapo niliongea mpaka wakanikatiza.

Zamu ya Usiku: Dada, wewe ulikuta nesi mzee wa kukushika mkono. Ulisimulia mwenyewe kwenye mjadala uliopita.

Mama Wawili: Kweli. Wiki saba nilimfuata kama kifaranga. Hilo silikatai.

Mleta mada: Nimewapigia leo mchana. Nimeuliza mawili tu: nitafuatana na nesi mwenyeji kwa muda gani, na usiku nesi mmoja anabeba wazee wangapi. La kwanza, zamu tatu. La pili, “inategemea.” Nimewaandikia nikitaka wiki sita, ziwe kwenye mkataba. Jumatatu siendi mpaka wajibu.