Mjadala: Kazi za kujuana hapa Dar, tuzilaani au tujifunze kuzitafuta?

Mleta mada

Wakuu, heshima kwenu. Kuna jambo linabishaniwa sana vijiweni na kwenye makundi ya WhatsApp, naomba tulichambue hapa kwa hoja. Upande mmoja unasema Dar es Salaam hupati kazi bila konekisheni, kwa hiyo kutuma maombi ni kuchoma bando na nauli bure. Upande wa pili unasema konekisheni ni upendeleo mtupu, na kijana anayezisaka anashiriki kuwadhulumu wenzake.

Msimamo wangu nausema mapema ili mnipinge vizuri. Kumwuliza mtu kama ofisini kwao kuna nafasi inakuja, inataka sifa gani na maombi yapelekwe kwa nani, hakuna ubaya wowote. Kumwomba akuingize bila kushindanishwa na wengine, dhuluma inaanzia hapo. Vijana wengi wanaacha la kwanza kwa kuogopa kuonekana wanafanya la pili, na wanabaki nyumbani na vyeti vyao.

Mwaka 2014 Idara ya Uhamiaji iliita watu kwenye usaili Uwanja wa Taifa, wakafika zaidi ya 10,000 kugombea nafasi 70. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato, TRA, ilitangaza nafasi 1,596, waombaji wakapita 100,000. Hizo ni nafasi ambazo nchi nzima iliziona kwa wakati mmoja. Serikalini utaratibu unajulikana: Sekretarieti ya Ajira ipo kwa mujibu wa Sheria ya Utumishi wa Umma ya 2002 kama ilivyorekebishwa 2007, maombi mengi yanapita Ajira Portal, mfumo wake wa mtandaoni, na hayana malipo. Huko jaza taarifa zako zote, pakia vyeti, jisomee mtihani wa mchujo. Sina zaidi la kusema.

Ugomvi uko sekta binafsi. Mwenye ghala Chang'ombe, mwenye shule Tabata, mwenye hoteli Kariakoo, wengi wao hawatangazi. Mtu akiacha kazi Ijumaa, Jumatatu wanawauliza waliobaki, "Mnamjua mtu?" Wewe unayesubiri tangazo hutaliona, kwa sababu halijaandikwa.

Sasa watu husema, "Mimi sina mjomba bosi." Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha matokeo ya utafiti aliofanya mji wa Newton, Massachusetts, kwa wanaume wa kazi za kitaalamu na uongozi waliokuwa wamebadili kazi karibuni. Kati ya waliopata kazi kupitia mtu, ni asilimia 16.7 tu waliosema walikuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara. Waliobaki walionana naye mara mojamoja au kwa nadra sana. Mwaka 2022 watafiti wengine walipima jambo hilo kwa watumiaji milioni 20 wa LinkedIn, mtandao wa watu wa kazi, wakakuta vilevile kwamba watu unaofahamiana nao kwa mbali kiasi ndio wanaosaidia zaidi mtu kuhamia kazi mpya. Sababu inaeleweka. Rafiki unayeshinda naye kila siku anajua yaleyale unayoyajua. Yule mliyefanya naye field (mafunzo kwa vitendo ya chuo), au jirani wa zamani aliyehamia Kigamboni, yuko kwenye ofisi ambayo habari zake hazijawahi kufika mtaani kwenu.

Shida ni namna tunavyowaendea. "Mambo kaka, nisaidie mchongo wowote." Mtu wa namna hiyo hawezi kusaidiwa hata na anayempenda, maana "wowote" hauna pa kupelekwa. Nawaonyesha ujumbe ambao mdogo wangu aliutuma, akajibiwa siku ileile:

"Habari za kazi, kaka. Tulifanya wote field bandarini, mimi nilikuwa upande wa nyaraka. Nimemaliza chuo, natafuta kazi ya ugavi au ghala. Siombi uniombee kazi. Naomba dakika chache unieleze kwenu wanataka mtu wa aina gani, na nafasi zikitokea hutangazwa wapi. Nikikupigia kesho saa saba mchana nitakuwa nimekusumbua?"

Anajitambulisha, anataja kazi moja, anaomba kitu ambacho yule kaka anaweza kukitoa bila kumkosea mwajiri wake. Dhuluma iko wapi hapo? Karibuni.

Mchangiaji, Gongo la Mboto

Mleta mada, umeeleza vizuri lakini umeruka mto. Newton ya Marekani mtu anakuambia kuna nafasi, nawe unakwenda kuiomba. Kwetu nafasi inakuja na mwenyewe. Nimeitwa kwenye intavyuu katikati ya mji, tumepangwa kwenye viti kwenye korido tangu saa mbili asubuhi, na dada mmoja anapita na kikombe cha chai, anawasalimia wahasibu kwa majina. Baadaye tukaambiwa ndiye aliyepata. Sisi tuliitwa ili faili lionekane lina majina. Na usiseme serikalini utaratibu unajulikana ukaishia hapo. Mwaka huohuo wa 2014 unaoutaja, ajira nyingine za idara hiyohiyo zilisitishwa na wizara baada ya malalamiko ya kupeana kwa undugu.

Halafu kuna hili ambalo ndilo kubwa. Unasema watu wa mbali. Mtoto wa dereva wa daladala aliyesoma shule ya kata, watu wake wa mbali ni akina nani? Ni wale aliokaa nao dawati moja, na wao wanauza laini za simu barabarani. Aliyesoma shule ya ada kubwa Masaki, watu wake wa mbali baba zao wana kampuni. Wote wawili ukiwafundisha kuandika ujumbe mzuri, mmoja anaupeleka kwa mtu mwenye ofisi, mwingine anaupeleka kwa msaka kazi mwenzake. Mbinu yako inamfaa zaidi aliyezaliwa karibu na wenye nazo. Ninachotaka mimi ni nafasi itangazwe, basi.

Mchangiaji, idara ya rasilimali watu

Naomba nisikike kama mtu wa upande wa pili wa meza. Niko kwenye kampuni ya usambazaji, sitaitaja. Tukitangaza nafasi ya mtunza stoo, bahasha za kaki zinajaa mezani mpaka mlinzi anaanza kuzirundika chini ya kaunta yake, na barua pepe sizihesabu. Ofisini tuko wawili. Nafungua CV nakuta namba ya simu haipatikani. Nafungua nyingine, barua ya maombi imeandikiwa kampuni tofauti kabisa, mtu kasahau kubadilisha jina. Nyingine ina kurasa saba na hakuna hata mstari unaosema aliwahi kushika leja.

Ndiyo maana bosi ananiambia, "Waulize vijana wetu kama wanamjua mtu." Anaogopa hasara. Stoo ikipungua katoni, anataka kujua pa kumpata aliyemdhamini. Hofu hiyo ni ya kweli na haina uhusiano na undugu.

Lakini kaka wa Gongo la Mboto ana hoja nisiyoweza kuikwepa. Tulipoajiri kwa njia hiyo muda mrefu, ghala zima likawa la watu wa wilaya moja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi wa kabila na mahali mtu alikotoka, na inamlinda hata anayeomba kazi. Hakuna aliyekusudia kubagua, ila matokeo yalikuwa yaleyale. Sasa hivi majina ya wafanyakazi tunayapokea, na tangazo tunalibandika getini na mtandaoni. Wote tunawapa jaribio moja: hii hapa rafu, hii hapa leja, hesabu, niambie nini hakilingani. Kuna mtoto wa mama lishe aliyeleta barua yake kwa mkono aliwapita wote waliokuja na majina ya watu.

Na nyie mnaotafuta, acheni kusaka neno moja tu kwenye LinkedIn au tovuti za ajira. Kazi ileile ya mtunza stoo, tangazo moja linaiita ya ghala, la pili ya ugavi, la tatu ya usafirishaji wa mizigo. Jaribuni majina yote, na washeni taarifa za nafasi mpya ili msizione wakati mwisho wa maombi ni leo.

Mchangiaji, Mbagala

Niongee kwa niaba ya wanawake, maana naona mnajadili kana kwamba ujumbe huo una hatari sawa kwa wote. Kaka akimwandikia mtu wa mbali, akikosa amekosa kazi tu. Mimi nikiandika, jibu linaweza kuja, "Sawa, tuonane jioni tuongee vizuri hilo suala," na sehemu anayoitaja siyo ofisi. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, kifungu cha 25, inataja kosa hilo wazi: mwenye mamlaka kutaka ngono ili atoe ajira. TAKUKURU wanapokea taarifa bure kwa namba 113. Tuwaambie wadogo zetu mapema, siyo baada ya kuumizwa.

Ninachofanya mimi: naomba tuongee kwa simu, au mchana ofisini kwake. Akikataa vyote viwili, nimepata jibu. Naanzia kwa dada walionitangulia chuoni, na kwenye makongamano ya bodi za taaluma, NBAA kwa wahasibu na PSPTB kwa watu wa ununuzi na ugavi, ambako mazungumzo ya kazi hufanyika mbele za watu. TaESA ni huduma ya ajira ya serikali, wanasajili watafuta kazi bila malipo na wanawaunganisha wahitimu na mafunzo kazini. Yeyote anayetaka hela ya fomu au ya vipimo kabla hujaiona ofisi yake ni tapeli, hata kama kaletwa na mtu unayemjua. Hasa akiletwa na mtu unayemjua, maana hapo ndipo tunapolegea.

Mchangiaji, Vingunguti

Hata kibarua ni kujuana, wakuu. Njooni Barabara ya Nyerere alfajiri, kwenye mageti ya viwanda. Watu wamejaa, nyapara anatoka na karatasi, ananyoosha kidole, "Wewe, wewe, na yule mwenye shati la bluu." Anachagua aliowaona jana wakibeba bila kulalamika. Mgeni anasimama wiki nzima. Mimi niliingia kwa sababu jamaa yangu aliumwa akanituma nikashike nafasi yake. Sikumpokonya mtu.

Mleta mada

Nawashukuru. Dada wa Mbagala, hayo yako nitayaweka juu kabisa nikiwaeleza wadogo zangu.

Kaka wa Gongo la Mboto, hoja ya mtoto wa dereva ni nzito na siipunguzi. Ila nauliza, leo jioni tumwambie nini? Kampuni zibadilike, nakubaliana nawe, na tuzidai. Huku tukizidai, yeye anahitaji watu ambao hakuzaliwa karibu nao, na wanapatikana. Field ni mahali pa kwanza. Wengi huimaliza wakiwa wamesainiwa kitabu tu, hawana hata namba ya simu ya msimamizi wao. Maonyesho ya biashara ya Sabasaba ni mahali pengine: kwa kawaida kuanzia mwisho wa Juni hadi katikati ya Julai, pale viwanja vya Barabara ya Kilwa, kampuni ambazo huwezi kupita getini kwao zinakusubiri kwenye banda uulize maswali. Nenda siku ya kazi asubuhi, kabla umati haujajaa, umwulize aliyesimama pale kazi yake ni nini na aliipataje. Watu wanapenda kuulizwa hivyo. Kiingilio kinalipwa, najua, na nauli pia, lakini ni gharama ndogo kuliko kuzunguka na bahasha Posta mpaka Mikocheni bila kujua nani anataka nini.

Mchangiaji, Gongo la Mboto

Sabasaba nimekusikia, nitamwambia mdogo wangu. Swali langu sasa ni kwa dada wa rasilimali watu. Lile jaribio la rafu na leja, jina likiletwa na mkurugenzi mwenyewe, mwenye jina hilo naye anahesabu?

Mchangiaji, idara ya rasilimali watu

Kwa nafasi za stoo na madereva, ndiyo, anahesabu na wengine, na yupo aliyeshindwa tukamrudisha. Kwa nafasi za ofisini bado. Huko jina linanifikia likiwa limeshaamuliwa, na ninachoweza ni kuandika kwenye faili kwamba hakushindanishwa. Nimeshaandika mara kadhaa. Wenzangu mlioko kwenye idara kama yangu, mnafanyaje?