Nyumba karibu na bahari: grili, geti na madirisha niweke chuma, alumini au stenlesi?

Mjenzi Kigamboni
Habari zenu wakuu. Nyumba yangu Kigamboni imefika kwenye linta, na kutoka hapo hadi baharini mita 300 hazifiki. Majirani walionitangulia, grili zao zimemwaga kutu mpaka kuta zina michirizi. Fundi wa kuchomelea anasema chuma cha kawaida kikipigwa rangi kinatosha. Muuza madirisha anataka kila kitu kiwe alumini, hadi geti. Mwingine anasema stenlesi tu, na mfuko wangu hauwezi stenlesi nyumba nzima. Naomba mwenye uelewa anieleze kipi kikae wapi, na kwa nini.

Fundi Grili
Mkuu, kila mmoja kakushauri anachouza. Chuma kina nguvu, bei yake inavumilika na fundi yeyote anakichomelea, ila kutu yake inabanduka, na chuma kipya kilicho chini kinaliwa tena. Alumini nayo inashika oksijeni, lakini utando wake unaganda na kuziba, ndani hakuliwi. Ndiyo maana fremu zake zinadumu pwani. Ni nyepesi pia: sentimita moja ya ujazo ina gramu 2.7, ya chuma 7.87. Tatizo ni kwamba inapinda upesi, ukakamavu wake ni kama theluthi ya chuma, na msumeno wa mkono unaikata bila shida. Madirisha weka alumini. Grili na geti weka chuma, mwizi asikufanyie mzaha.

Binti Pwani
Naunga mkono, ila chuma hicho kichovywe zinki. Galvanaizi ya kweli ni chuma kuzamishwa kwenye zinki iliyoyeyuka, joto kama nyuzi 450. Hata kikikwaruzwa baadaye, zinki ndiyo inayoliwa kwanza na chuma kinabaki salama. Wengi wanakosea kununua paipu za galvanaizi kisha wanazichomelea na kuziacha hivyo. Moto unaunguza zinki kwenye viungo, na kutu inaanzia hapohapo. Ule moshi mweupe fundi asiuvute, unaleta homa na kutetemeka. Kaka yangu, tengeneza grili kwa chuma cheusi, yaani kisicho na zinki bado, ikikamilika ndipo ipelekwe kuchovywa nzima. Paipu zitobolewe matundu ya hewa kabla, maana paipu iliyozibwa pande zote inaweza kupasuka kwa kishindo ndani ya beseni.

Mjenzi Kigamboni
Nashukuru sana dada. Na stenlesi je? Muuzaji kanionyesha kwa sumaku, haikunasa, akasema hiyo ndiyo orijino.

Mkerezaji
Sumaku isikudanganye, ndugu. Stenlesi ya daraja la 201 nayo sumaku hainasi, na nikeli yake ni kidogo. Kwenye upepo wa chumvi madoa yanatoka mapema. Daraja la 304 lina kromi kama asilimia 18 na nikeli 8. La 316 limeongezwa molibdeni asilimia 2 hadi 3, na hilo ndilo linalohimili bahari. Dai namba ya daraja iandikwe kwenye risiti. Hela yako ya stenlesi iishie kwenye bawaba, komeo na skrubu, kwa sababu vinasuguana na rangi haikai.

Jambo linalonikera kwa mafundi wengi ni kuchanganya metali ovyo. Metali mbili tofauti zikigusana penye unyevu wa chumvi, zinakuwa kama betri na moja inaliwa. Skrubu ya stenlesi kwenye fremu ya alumini iwekewe washa (kipete) ya nailoni ili zisigusane. Ribiti ya alumini kwenye bamba la stenlesi usiruhusu kabisa, inaisha haraka. Bomba la shaba la AC nalo lisilale juu ya bati.

Binti Pwani
Na fremu za alumini zifungwe baada ya plasta. Sementi mbichi inaichubua alumini, doa lake halitoki.

Mjenzi Kigamboni
Nimeelewa wakuu. Geti langu ni mita 4, litaingia kwenye beseni hilo la zinki?

Fundi Grili
Lifanye la milango miwili, kila mmoja mita 2. Na piga simu kiwandani uulize vipimo vya beseni lao kabla fundi hajakata paipu hata moja.